Mama, Nimechanganya Kadi ya Harusi na Ndege

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Ulinifundisha kwamba makaburini mtu hapiti kimya, anawasalimia kwanza waliolala ndipo aseme shida yake. Mimi leo nina shida, kwa hiyo salamu kwanza. Ningekuja mwenyewe Mwanakwerekwe, lakini najijua, nikifika pale nitalia tu na hutapata neno la maana kutoka kwangu. Nimeamua kuandika. Na nimeamua iwe barua ya kusomwa na kila anayetaka, kwa sababu jambo lenyewe limeshaonwa na watu wengi, na mji huu ukiachiwa habari bila ya mwenyewe kuisema, unaipika mpaka inaungua. Wapo wanaosema nimeuza picha za harusi. Wapo wanaosema nilikuwa na choyo na bibi harusi. Wengine, wale wanaonipenda, wanasema ni bahati mbaya, na hao ndio wanaonitia haya zaidi, maana haikuwa bahati mbaya.

Jina la bibi harusi silitaji. Limeshatajwa vya kutosha vibarazani. Mama yake nitamwita Bi Mkubwa, na wewe utamjua, kwa kuwa harusi yake yeye uliipiga picha wewe.

Duka letu la Mlandege lilikuwa chumba kimoja nyuma ya muuza vitambaa, na mtu aliyetaka picha ya pasi alilazimika kupita katikati ya majora ya nguo kwanza. Lakini kazi yako hasa haikuwa pale. Kazi yako ilikuwa upande wa wanawake, wapiga picha wanaume walikokuwa wakiishia mlangoni na kurudi. Ukiingia wewe hakuna aliyevuta mtandio. Mabibi waliendelea kucheza, na bibi harusi aliendelea kukaa na nywele zake na asmini zake, kwa sababu wote walijua picha zile zitakwenda wapi. Ulizisafisha mwenyewe katika stoo yetu ya Jang'ombe, blanketi dirishani, komeo mlangoni. Halafu picha na mkanda wake wa filamu ulivipeleka kwa mkono wako mpaka mkononi mwa mama wa bibi harusi. Hukubakisha hata moja.

Ndiyo maana wageni waliokuja kwetu walishangaa. Mpiga picha wa harusi, na ukutani kwake hamna bibi harusi hata mmoja! Kulikuwa na ndege tu. Ndege inatua, ndege inaruka, ndege imelala ubavu juu ya minazi ya Chukwani. Jirani yetu alikutania siku moja, "Asha, hebu tuambie, rubani gani huyo?" Ukamjibu, "Ndege haina mama'ake wa kuja kunidai picha zake." Nilikuwa mdogo, nikacheka na nyinyi. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba ukuta ule ulikuwa pahala pekee ulipoweza kutundika kazi yako mwenyewe.

Jumapili, kukiwa hakuna harusi, tulikwenda Chukwani, pale ndege zinapopita chini kuelekea uwanjani mpaka unasoma maandishi ya tumboni. Wewe na buibui lako na raba zako, mimi na mfuko wa lenzi na chupa ya maji. Hapo ndipo uliponifundisha kazi, na hukunifundisha kwa upole. "Kiuno, Raya, kiuno! Unaifata kwa mikono kama unafukuza kuku." Tukasimama kwenye majani, miguu imekita, viwiko vimebana mbavu, tunazungusha viuno pamoja kuifuata ndege, na hakuna ngoma inayolia. Wapita njia walituona, na nina hakika wapo waliokwenda nyumbani wakasema wameona wanawake wawili wamepandwa na shetani.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kuacha mapema. Nikishafyatua, mikono inalegea, na picha inatoka na mkia uliofutika. Ukanishika bega ukaniambia, "Mgeni humngojei mlangoni. Unamwendea njiani, unakuja naye, unampokea, na akiondoka unamsindikiza. Wewe unafyatua halafu unaacha. Mwenyeji gani wewe?" Tangu siku ile nikaanza kuifuata ndege ikiwa bado nukta, nikaja nayo, nikabonyeza katikati ya mwendo bila ya kusimama, na ikishapita nikaendelea nayo mpaka minazi iimeze. Picha zikatulia. Sijapata kufundishwa kitu kingine chochote duniani kikaniingia kwa siku moja kama kile.

Na la mapanga, yale yanayozunguka puani mwa ndege, unalikumbuka? Nilikuwa na kiburi cha kuijua shata, ile inayofungua na kufunga jicho la kamera, nikaikaza mpaka sehemu ya elfu moja ya sekunde, nikakuletea picha ya ile ndege ndogo iendayo Pemba. Kali, safi, unahesabu misumari. Ukaitizama sana, ukaniuliza, "Inaanguka?" Nikasema haianguki. "Mbona mapanga yake yamesimama? Umeiua, mwanangu." Ukanieleza kwamba ndege ya mapanga mtu anaipa sehemu ya mia mbili na hamsini, na akiwa na kiuno kizuri anaiteremsha mpaka mia na ishirini na tano, ili mapanga yazunguke kwenye picha kama yanavyozunguka juu. Jeti haina kitu cha kuzunguka nje, hiyo ikaze utakavyo. Nikanuna njia nzima, lakini nilijua umesema kweli.

Jambo la tatu ulilonifundisha ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mkanda wa harusi ulikuwa mara nyingi unabaki na picha chache mwishoni, nane, tisa, hazijapigwa. Na mkanda ulikuwa ghali. Jumapili moja tumeishiwa na mkanda wa ndege, na mfukoni umo mmoja wa harusi, una nafasi, umefungwa uzi mwekundu kama ulivyokuwa ukiifunga yote ya wanawake. Juu yetu inakuja ndege kubwa tusiyowahi kuiona. Nikasema, "Mama, si tutumie hizo zilizobaki?" Ukasema hapana, hizo ni zao. "Zao? Hazina kitu!" Ukasema, "Hata zikiwa hazina kitu. Mkanda wa wanawake hauchanganywi." Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, na wewe umesimama na kamera tupu mkononi, unaitizama tu. Nilikuona kama mtu aliyepitiliza. Miaka yote baada yake niliwahadithia mashoga zangu kisa kile ili tucheke.

Nakukumbusha yote haya, Mama, ili ujue kwamba sikusahau. Ningekuwa nimesahau ningekuwa na pa kujificha.

Mwaka huu yamekuja maonesho ya ndege, hapa hapa Unguja, zinachezea juu ya bahari mbele ya Maisara. Ungekuwepo ungelala pale uwanjani toka jana yake. Waandaaji wakatangaza kwamba wapiga picha wajiandikishe, na picha zilizo nzuri zitaoneshwa siku ile ile baada ya Magharibi kwenye kitambaa kikubwa cheupe, watu wote waone. Nikajiandikisha. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilitaka watu waone kwamba mtoto wa Bi Asha anaweza kupiga kitu cha maana zaidi ya mabibi harusi. Nimeliandika hivyo hivyo nilivyokuwa nalifikiri, na sasa nalisoma na uso unaniwaka, kwa sababu mabibi harusi ndio walionilisha mimi na wewe.

Siku moja kabla ya maonesho nilikuwa na kazi ya harusi, ya binti wa Bi Mkubwa. Siku hizi mlangoni kunawekwa kapu, kila mwanamke anaacha simu yake humo kabla ya kuingia, na anayekataa anarudishwa kwao hata akiwa shangazi. Mabibi wa mlangoni waliiona kamera yangu wakanizuia. Bi Mkubwa akapiga kelele kutoka ndani, "Huyo mwacheni, huyo mtoto wa Bi Asha!" Nikapita. Ukumbi mzima usio na simu hata moja, na mimi na jicho langu. Mwisho wa shughuli, wageni wa heshima wameshaondoka, bibi harusi akavua mapambo mazito, akafungua nywele, akaingia ngomani na mama yake. Bi Mkubwa amejifunga khanga kiunoni, kichwa wazi, mvi zake zimesukwa vizuri. Walicheza wakitazamana. Nilipiga nikijua kwamba hizi ndizo picha watakazozitoa kabatini uzeeni, mlango umefungwa.

Kamera yangu ya sasa haina mkanda, ina kadi mbili za kuhifadhia picha. Ya kwanza ikijaa, inahamia ya pili yenyewe bila ya kukuuliza. Harusi ile iliijaza ya kwanza, na ngoma ile ya mwisho ikaingia ya pili. Asubuhi ya maonesho niliitoa ya kwanza, nikaitia kwenye kijisanduku chake, nikaifunga uzi mwekundu, nikaiweka kabatini. Nikatia mpya. Halafu nikaitizama ya pili. Ilikuwa na ngoma tu, nafasi tele, na uzi nilikuwa nao mkononi, nimeshaukata. Nikasema moyoni, ndege zikizidi ziingie humo, ntazitenganisha nikirudi. Nikakifunga kijilango cha kamera. Sikuwa na haraka wala sikuwa na usingizi, Mama. Nilijua.

Mchana ule nilikuwa hodari, na nitasema kwa sababu uhodari wangu ndio ulionimaliza. Jua lilikuwa mbele yetu juu ya bahari, na ndege ikiwa mbele ya jua inatoka nyeusi kama kunguru. Wapiga picha wenzangu walinung'unika. Mimi nikaongeza mwanga, nikaacha mbingu iungue kidogo, tumbo la ndege likaonekana rangi zake. Nikaiweka fokasi ile inayofuata kitu bila ya kukiachia, na kamera ikawa inafyatua mfululizo maadamu kidole kimebonyeza. Ikija jeti nakaza shata mpaka elfu mbili. Zikija za mapanga nateremsha, na kiuno kinafanya kazi yake. Jirani yangu, bwana mmoja mwenye lenzi kubwa kuliko mtungi, alikaza zote sawasawa, za jeti na za mapanga, na nilipochungulia kioo cha kamera yake nikaona ndege zake zimening'inia angani na mapanga yaliyosimama kama picha ya kalenda. Nikamcheka ndani ya mtandio.

Ya mwisho ilikuwa ndege nyekundu ya mapanga. Ilikuja chini kabisa juu ya maji, na ilipotufikia ikalala ubavu upande wetu, rubani akainua mkono. Nilikuwa nimeshaianza toka ikiwa nukta. Nikaja nayo, nikabonyeza pole pole, nikaendelea nayo mpaka ilipopotea kuelekea Forodhani, na watu waliosimama nyuma yangu wakainama ili nisiwapige na lenzi. Nikatizama kioo. Mama, ilikuwa ile. Ile uliyoitafuta Chukwani umri wako wote ukasema karibu, karibu, bado. Mapanga yamekuwa duara jepesi kama moshi, bahari ya nyuma imekuwa mistari, na uso wa rubani umetulia tuli, unamwona anacheka mpaka meno. Machozi yalinitoka. Pembeni ya picha palikuwa na tarakimu ndogo inayosema picha imo kadi ipi, na ilikuwa mbili.

Baada ya Magharibi watu wakakaa chini kwenye majani, wanaume kwa wanawake, watoto, wauza urojo na masinia yao. Bwana wa mitambo akaniita. "Bi Raya, wenzako nshawapokea wote. Ile ya mwisho, ile nyekundu, umeipata?"

"Nnayo."

"Basi nipe kadi, watu wanataka kuondoka."

Ningeweza kumwambia angoje. Ningeweza kumwambia nimeikosa, akaonesha za wengine, na leo ningekuwa natembea mjini. Nikaitoa kadi, nikamwambia, "Za mwisho tu. Za mwanzo usiziguse." Akasema, "Za mwisho, usijali," akaitia, akageuka kumjibu mtu. Mashine yake ya kurushia picha haikumsikia yeye wala mimi. Ilianza na picha ya kwanza kwenye kadi.

Bibi harusi akatokea kwenye kitambaa, mkubwa kuliko nyumba, mikono juu, nywele mabegani, mabega wazi, anacheka. Halafu picha ikabadilika, na mara hii alikuwa na mama yake. Mwanamke mmoja akasema, "Yarabi stara!" Mwanamme mmoja akacheka. Kile kicheko, Mama, ninacho mpaka sasa.

Nilikimbia nikasimama mbele ya taa ya ile mashine, nikapanua mikono. Bibi harusi akaniangukia kifuani, na buibui langu likammeza. Kando kando bado alikuwa anaonekana, kiganja chenye hina, kipande cha nywele, na mimi najitahidi kupanuka kwa buibui nililo nalo. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Toka hapo, hatuoni!" Nikabaki mpaka yule bwana alipochomoa waya. Kadi niliitoa kwa mkono wangu na nikasimama juu ya kichwa chake mpaka aliponionesha kwamba mashine haikubakisha kitu. Wala simlaumu, kadi ile haikutakiwa kuwepo pale.

Picha ya ile ndege hakuna aliyeiona.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Mkubwa kwa miguu, kwa njia za nyuma. Nikapiga hodi. Bi Mkubwa akafungua mlango nusu, amejifunika khanga mpaka kwenye nyusi, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Akanitizama. Nikasema tena, "Shikamoo." Hakuitikia. Nimezaliwa mji huu, na sijawahi kumwamkia mtu mzima nikabaki na shikamoo yangu mdomoni. Hata wagomvi wa kesi za mirathi huitikiana marahaba, halafu wakaendelea kutukanana. Pale mlangoni ndipo nilipojua ukubwa wa nilichokifanya.

Akasema, "Mama'ako alinipiga mimi. Hakuna mwanamme aliyeniona vile isipokuwa marehemu mume wangu. Jana wameniona mpaka wauza urojo." Akauliza, "Hiyo kadi iko wapi?"

"Iko kwangu."

"Usiifungue tena. Popote." Akafunga mlango.

Fungate lote kadi ile ilikaa kabatini, na mara hii nimeifunga uzi mwekundu, uliochelewa. Nilikuwa nimeshapigilia msumari ukutani, pale katikati ya ndege zako, toka asubuhi ya maonesho kabla hata sijaondoka nyumbani, kwa majivuno. Kila nilipopita niliuona. Kuitoa ndege peke yake na kuinakili ni kazi ya kufumba na kufumbua, na nani angejua? Usinidhanie wema, Mama. Nilifungua kompyuta. Nilikaa mbele yake nikijiambia kwamba ndege haimhusu Bi Mkubwa, ndege ni yangu, nimeivujia jasho. Halafu nikakumbuka ile ndege kubwa iliyopita juu yetu Chukwani na wewe umesimama na kamera tupu. Ulikuwa unaitaka. Mimi siku ile nilitizama ndege, sikukutizama uso wako, na leo ningetoa kitu gani kuuona. Nikaifunga kompyuta.

Watu wamekwisha kuja kuniambia, kwa adabu zote, kwamba harusi zao wametafuta mtu mwengine. Mmoja alisema binti yake ameamua kutopigwa picha kabisa. Nimewaambia haki yao. Nilichoshindwa kuzoea ni jina lako. Zamani mlangoni walisema "mtoto wa Bi Asha" nikapita. Sasa sokoni Darajani nasikia nyuma yangu, "Huyo ndo mtoto wa Bi Asha," na wale wale mabibi wanavuta mitandio yao ninapowakaribia, ingawa mkononi nina kikapu cha muhogo tu. Ulilijenga jina lile harusi kwa harusi, na mimi nimelikuta limekamilika, nikadhani limeota lenyewe.

Jana, fungate limekwisha, nilikwenda tena. Nilizichukua kadi zote mbili, kila moja na uzi wake. Bibi harusi alikuwepo, amekuja kumtembelea mama yake. Alinikaribisha ndani yeye. Bi Mkubwa alikuwa ukumbini anachambua mchele, nikamwamkia, mkono wake ukaendelea kwenye ungo.

Nikaziweka kadi juu ya mkeka. Nikasema, "Zote zimo humu. Mimi sina hata moja."

Bibi harusi akaichukua ile ya pili, akaigeuza geuza. "Na zile ndege zako?"

"Zimo humo humo."

"Hujazitoa?"

"Mkanda wa wanawake hauchanganywi," nikasema, ingawa nilikuwa nayasema maneno yako mahala ambapo yameshachelewa. "Zikiwemo humo ni zenu."

Akairudisha kadi mkekani, halafu akaniambia bila ya ukali, na ungekuwa ukali ningeustahimili. "Sikuachwa, kama ndilo unalolikhofia. Mume wangu kasema ni ajali, na kwao wamenyamaza. Lakini leo nnakuja huku, kila mwanamme niliyempita njiani najiuliza, na huyu alikuwepo? Muuza maji, alikuwepo? Mwalimu wangu wa zamani kanisalimia, nikashindwa kumtizama. Mpaka lini nitajiuliza, Bi Raya?"

Nikamwambia kwamba si ajali, kwamba nilijua kadi ile ina nini na nikaitoa mkononi mwangu kwa kutaka kusifiwa, na kwamba asije akanisamehe kwa jambo la uongo. Mkono wa Bi Mkubwa ukasimama kwenye ungo. Bibi harusi akatikisa kichwa, sijui ndiyo au hapana. Nikaomba radhi, na neno lenyewe likatoka dogo. Nikaaga. Hakuna aliyesema karibu tena.

Nikatoka, nikashika kichochoro. Nilikuwa nimeshapita nyumba ya pili niliposikia ndara zinaburuza nyuma yangu. Sikugeuka. Nikapunguza mwendo, na ndara zikapunguza. Nikasimama kumpisha mtu wa baiskeli, zikasimama. Tukaenda hivyo, mimi mbele na yeye nyuma, na waliokaa vibarazani wakageuka kututizama, mwanamke aliyefanya vile na mwanamke aliyefanyiwa. Kwenye kona ya muuza mkaa nikageuka. Alikuwa Bi Mkubwa, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, na mkononi bado ana chembe za mchele.

"Hapa panatosha," akasema.

Marahaba hakunipa, lakini kunisindikiza alinisindikiza. Akageuka akarudi zake, pole pole, na mimi sikuondoka. Nilisimama pale pale nikamfuata kwa macho, kila hatua, mpaka alipofika mlangoni kwake, akaingia, na mlango ukafungwa.

Mungu akuangazie ulipolala, Mama. Msumari sikuung'oa, lakini sitatundika kitu.

Mwanao,
Raya